Disiki Mbili za Kupimia

Siku niliyoanza kazi tulikuwa watu saba dukani: Patroni, mwenye duka, Shefu Kashindi, fundi wake mkuu, Mama Riziki, aliyeuza disiki za muziki mbele, mimi Sifa, na wadogo zangu watatu, Byamungu, Mapendo na Esta, ambao niliwaketisha mlangoni kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwachia. Wazazi wetu walikuwa wamekufa muda mfupi kabla ya uhuru wa Kongo. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na shule niliiacha darasa la tano.

"Weye unakuja kutafuta kazi ao kufungua shule?" Mama Riziki aliniuliza, akiwatazama watoto.

"Kazi, mama. Hawa watanyamaza."

"Wakinyamaza itakuwa ajabu. Wangu hata wakilala wanapiga kelele."

Patroni alitaka kunirudisha. Shefu Kashindi akasema bila kuinua macho, "Muache, Patroni. Mutu mwenye watoto watatu haibi vifaa. Atakimbilia wapi?"

Nikapewa kitambaa cha kufutia disiki vumbi. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nimeshika bisibisi.

Tulitengeneza pikapu, yaani mashine za kupigia disiki. Watu wa kwetu Nyakabere walizileta juu ya baiskeli, zimefungwa katika blanketi kama wagonjwa. Ndani ya pikapu kuna mota, na juu kuna sahani inayozunguka. Kati yao kuna gurudumu dogo la mpira, ambalo linaipa sahani mwendo. Mpira huo ukiwa na bonde, hata dogo kama ukucha wa mtoto, sahani inasita kila mzunguko. Halafu kuna mkono wenye sindano, na mkono una uzito wake: ukiwa mwepesi mno sindano inaruka, ukiwa mzito mno inachimba disiki.

Shefu hakuruhusu mashine yoyote itoke kabla ya kupimwa kwa disiki mbili. Ya kwanza ilikuwa ya violoni, muziki wa zamani wa Ulaya, wa polepole, na ala nyingi zikiisindikiza kwa mbali. Ya pili ilikuwa ya roki, iliyotufikia kutoka ng'ambo ya ziwa Tanganyika: ngoma, magita mawili, na kijana anayeimba kama mtu anayegombana na jirani.

Mara ya kwanza kusikia ile violoni niliuliza, "Shefu, nani amekufa kwao?"

"Hakuna mutu amekufa. Sikiliza kama sauti inatembea sawa." Akaegemeza kidole juu ya meza. "Violoni inashika sauti moja murefu. Mota ikiwa mugonjwa, utaisikia inatetemeka kama mutu mwenye malaria. Roki haitakuambia ile. Roki inapiga, inapiga, inafunika. Lakini mukono ukiwa mubaya, ngoma ya roki itarusha sindano mpaka kwa jirani. Kila moja iko na kazi yake."

Mimi niliipenda roki, sifichi. Wadogo zangu waliicheza mlangoni. Violoni niliiona kama dawa chungu, ya kumezwa kwa sababu Shefu anasimama pale. Polepole nikaanza kuzisikiliza kwa namna nyingine. Katika roki, mpiga gita akijikwaa, wenzake wanambeba na wewe hujui. Katika ile ya violoni kuna mahali ambapo wengine wote wananyamaza, na yule mmoja anabaki peke yake. Akikosea kidogo, nyumba nzima imesikia. Lakini roki nayo, katikati yake, ina mahali ambapo ngoma inakoma na gita moja linapanda lenyewe. Nilipomwonyesha Shefu mahali hapo alicheka. "Basi sasa uko na masikio," akasema.

Uasi dhidi ya serikali ulipofika Uvira, Patroni alivuka mto Ruzizi akaenda Bujumbura, na Mama Riziki akapanda milimani kwa ndugu zake. Shefu na mimi tuliendelea kufungua duka, kwa kuwa wadogo zangu hawakujua habari ya vita wakiwa na njaa. Nyumba zilipekuliwa. Ilisemwa kwamba mtu akikutwa na kitu cha Wazungu ataitwa rafiki yao. Roki hata wapiganaji waliicheza, ila disiki ya violoni nikaichukua, nikaenda nayo nyumbani, nikaizika katika kiroba cha unga wa muhogo.

Wiki hiyo komanda mmoja wa waasi alileta pikapu yake itengenezwe, aipige kwenye mkutano wake. Shefu alitengeneza mota, kisha akaenda Runingu kumtazama mke wake na mtoto wao mdogo, Elia. Aliniachia kupima. Nilipima kwa roki peke yake, kwa kuwa niliogopa kuichimbua ile nyingine. Ilipiga vizuri sana, nikafunga mashine.

Shefu aliporudi aliuliza, "Umeipima?"

"Nimeipima, Shefu."

"Mbili zote?"

"Mbili zote."

Kesho yake, mbele ya watu, komanda aliweka wimbo wa polepole. Sauti ya mwimbaji ikayumba kama ya mlevi. Watu walicheka. Asubuhi iliyofuata alikuja na wapiganaji wawili na ile mashine.

"Nani alipima hii? Mulitaka nichekwe?"

Shefu aliomba aifungue. Akapitisha kidole juu ya mpira, polepole, na kidole kikasimama. Lilikuwa bonde. Alinitazama mara moja tu, na nilijua kwamba amejua.

Nilifungua kinywa. Wadogo zangu watatu walikuwa nyumbani peke yao, wakingoja nirudi na chakula. Kinywa kikabaki hivyo.

"Miye ndiyo nilipima, Komanda," Shefu akasema. "Nilisahau disiki moja. Uzee."

Hakuwa mzee. Walimpeleka pamoja na wachukuzi wa mizigo kuelekea milima ya juu. Akiwa mlangoni aligeuka akaniambia, "Mpira ubadilishe." Hakurudi, na kaburi lake hatulijui.

Niliubadilisha. Siku waasi walipoondoka niliichimbua disiki kutoka kwenye unga, na tangu hapo hakuna mashine iliyotoka mikononi mwangu bila kupimwa kwa zote mbili, pikapu, halafu redio za kaseti, ambazo nilizipima kwa kanda ya nyimbo hizo hizo. Byamungu akawa muuguzi, Mapendo mwalimu, Esta anauza vitenge. Nimeacha kazi kwa sababu macho hayaoni tena waya mwembamba. Masikio bado ni mazuri.

Haya nimeyaandika kwa ajili ya vijana wanaoingia katika ufundi. Elia, mtoto wa Shefu, hayajui. Analima mpunga Runingu, naye ana wajukuu sasa. Ananiita Tantini, kama dada wa baba yake. Juzi alikuja kwa pikipiki na mfuko wa mchele.

"Tantini, kule kwetu wanasema baba alikufa juu ya kusahau. Fundi kama ule, alisahau kweli?"

"Alikuwa amechoka siku ile," nikamjibu, kama ninavyomjibu kila mara.

Akatikisa kichwa, akaniingizia mchele jikoni, akaniombea kwa Mungu, akaondoka. Jibu la kweli la swali lake bado ninalo mimi.