Vibao vya Msitu wa Chemchemi

Hadi leo nikiona kibao kimeandikwa kwa mkaa, nageuza njia.

Miaka ile ya Ujamaa, kijijini kwetu juu ya Rangwi, tulisikia kwamba msitu wa chemchemi utafyekwa uwe shamba la kijiji. Msitu haukuwa wa mtu. Maji yake tuliyanywa sote, na mifereji ya maharage yote ilianzia pale. Wanaume walikuna vichwa. Mama akasema wanawake watauwekea masale.

Kwetu isale ni mmea wa mpakani. Likishapandwa, hakuna anayelivuka na jembe. Hata mlevi hulizunguka. Kwa siku tatu wanawake walipanda masale kuuzunguka msitu mzima, na kila kaya ikapewa kipande chake cha kumwagilia na kulinda. Mimi nilikuwa darasa la saba, nina kiherehere cha kuandika. Nikasema tuweke majina, ili asiyemwagilia ajulikane. Mama akacheka, akanipasulia vibao. Niliandika majina ya kaya zote kwa mwandiko wangu mzuri, nikavipigilia kimoja kimoja.

Katibu kata alikuja asubuhi na daftari lake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama, maana alikuwa ameshaona vibao. Alitembea ukingo mzima akisoma. Nilimfuata nikidhani atanisifu.

"Nani kagawa ardhi hii?" akauliza.

"Haijagawiwa, ndugu Katibu," mama akasema. "Tumeizuia isiguswe. Ni ya wote."

"Ya wote, na kila mmoja kaandika jina lake?"

Mama akanigeukia. Sijausahau ule uso. Haukuwa na hasira. Alikuwa ameshtuka kama mimi. Niliropoka kwamba nimeandika mimi, kwamba ni zamu za kumwagilia tu. Katibu akasema watoto wasitumwe kuwasemea wakubwa. Akawaita wote wanyonyaji, wabinafsi waliojimegea mali ya umma huku wenzao wakijenga taifa. Wanawake waliopanda mlima siku tatu na miche kichwani, leo wanaitwa wanyonyaji! Bado sijui neno hilo niliweke wapi.

Mama na wenzake walikwenda Lushoto kwa miguu kujieleza. Wakaambiwa taarifa imeshaandikwa, na majina yamo.

Juma lililofuata ikatoka amri ya kazi ya pamoja. Hakuna aliyehangaika kupanga nani akate wapi. Kila kaya iliambiwa ifyeke pale penye kibao chake.

Tulisimama mbele ya chetu, mama na panga, mimi na shoka. Kibao kilikuwa kimenyooka, maandishi hayajafutika.

"Kisome," mama akasema.

Nikasoma jina la baba. Mama aliling'oa isale lake kwanza, kisha akaanza na mti uliokuwa karibu.