Bei ya Kumrudisha Kipusa

Mama Kipusa alikuwa mfuaji katika hospitali kubwa ya serikali, na kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na mmoja. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jengo la wazazi. Kilikuwa na mashine nne, moja siku zote mbovu, na joto la kumlowesha mtu jasho hata kabla ya chai ya saa nne. Yeye alitoa mashuka kwenye mashine, akayakung'uta na kuyapeleka kwenye pasi kubwa. Alipenda utani. Mfuaji mgeni akianza kulalamika, alimwambia, "Jikaze kisabuni, mwenzangu. Hapa sabuni ndiyo kitu pekee tunachopewa bure."

Ila Jumapili, saa kumi alasiri, utani wote ulimwisha. Hiyo ndiyo saa aliyompigia simu Kipusa, mwanawe wa pekee.

Kipusa aliishi kwa mama yake mkubwa katika mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima. Alipelekwa huko akiwa na miaka tisa. Baba yake, dereva wa lori, aliugua miezi saba akafariki. Mama Kipusa alikopa kwenye chama cha akiba cha wafanyakazi ili alipie matibabu na mazishi. Makato ya chama yalipoukwangua mshahara, akakopa kwenye simu. Simu zilipoanza kumtumia vitisho, akaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, mtu mmoja aliyeitwa Kalamu kwa sababu kalamu haikumtoka sikioni. Ikawa ni kukopa huku ili kuziba kule. Kodi ya vyumba viwili ikamshinda, akahamia chumba kimoja pamoja na mfuaji mwenzake, kitanda huku na kitanda kule, pazia katikati.

"Mlete mtoto kwangu," dada yake alimwambia. "Muhula mmoja tu, ujipange."

Muhula ukawa mwaka, na mwaka ukajiongezea nusu nyingine. Mama Kipusa aliamka kila asubuhi mkono wake ukipapasa ukutani, upande aliozoea kulala mtoto, kabla hajafumbua macho. Alikumbuka vitu vidogo vidogo ambavyo zamani vilimuudhi: mguu wa mtoto uliomkandamiza mbavuni, ule mtindo wa kusoma vibao vya maduka kwa sauti njia nzima, mkono wenye mafuta uliochomoa kipande kwenye sahani yake bila kuomba. Kazini, akikutana na mtoto wa kimo kile koridoni, aligeuka kumtazama mpaka akapotea. Na kila mwisho wa mwezi alipeleka kifurushi kwenye basi: viatu, gauni, begi la shule lenye magurudumu. Moyo ulitulia siku mbili tatu, kisha ukaanza tena.

Jumapili moja walikuwa wakizungumza juu ya mtihani wa hesabu, Kipusa akasita na kuuliza, "Mama, chumvi iko wapi?"

"Chumvi gani, mwanangu?" alijibu yeye.

Papo hapo akasikia sauti ya dada yake kwa mbali: "Iko kabatini, juu!"

Swali halikuwa lake; Mama aliyeulizwa alikuwa yule wa huko. Kipusa akaendelea na habari za mtihani kana kwamba hakuna kilichotokea, na kwake yeye kweli hakikutokea kitu. Mama Kipusa aliitikia ndiyo, ndiyo, mpaka salio likaisha. Kisha akakaa kitandani, simu mapajani, akamwambia mwenzake wa chumba kwamba ameingiwa na mchanga machoni.

Kesho yake, wakati wa chai, alikwenda kwa karani wa mishahara. Alikuwa mzee aliyebakiza miaka miwili astaafu, miwani yake imefungwa uzi sikioni, na wafanyakazi walimwita Mzee Senti kwa sababu aliwahi kukesha akiitafuta senti moja iliyopungua.

"Advansi ya mwezi huu umeshachukua," alisema bila kuinua kichwa.

"Sikuja kwa advansi, mzee. Nimekuja kuuliza bei."

"Bei ya nini?"

"Ya kumrudisha mwanangu."

Mzee akavua miwani. Alimsikiliza mpaka mwisho, naye hakutoa pole wala mahubiri. Alisema tu, "Kesho niletee karatasi zote. Usichague. Hata ile unayoionea aibu, lete."

Alizileta ndani ya foronya, maana ndivyo alivyokuwa akizificha, chini ya kichwa chake.

"Binti yangu, nilisema karatasi," mzee akamtania. "Nguo za kufua mimi za nini?"

Walizipanga mezani. Chama, laki tisa. Mikopo mitatu ya simu, laki tano. Kalamu, laki nne. Duka la jirani, laki na sitini. Mama Kipusa hakuwahi kuziona pamoja. Alipotajiwa jumla alishika ukingo wa meza, lakini baada ya muda akagundua kitu cha ajabu: deni alilokuwa akilibeba kichwani lilikuwa kubwa kuliko hili. Hili angalau lilikuwa na mwisho.

"Sasa nunua daftari," mzee alisema. "Mwezi mzima andika kila kinachotoka. Usijibane bado, wala usijidanganye. Andika tu."

Aliandika. Nauli, mchele, mkaa, michango ya harusi za watu asiowajua vizuri, ada za mikopo ya simu. Mwezi ulipokwisha mzee akapitisha kidole kwenye kurasa, akarudi nyuma, akauliza, "Hii elfu arobaini na tano ni nini?"

"Viatu vya mtoto, pamoja na kusafirisha."

"Na pesa yake ilitoka wapi? Maana tarehe hiyo hukuwa na kitu."

Ilitoka kwenye simu. Mzee akamwomba zile karatasi za zamani, akalinganisha tarehe. Karibu kila kifurushi kilikuwa na mkopo wake, na kila mkopo ulikuwa na riba yake.

"Kwa mwaka na nusu," alisema taratibu, "vifurushi na riba zake vimekula zaidi ya laki sita. Hiyo ilikuwa kodi ya chumba chenye nafasi ya mtoto."

Mama Kipusa alitoka nje akasimama kwenye kamba za kuanikia, katikati ya mashuka, na hapo ndipo alipolia. Miezi yote ile alikuwa akimvuta mtoto kwa mkono mmoja na kumsukuma kwa mwingine.

Walipanga pamoja. Advansi basi. Michango ya harusi basi, isipokuwa ya ndugu. Mikopo ya simu ilipwe kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyouma haraka. Wengine waendewe na kuambiwa ukweli. Hilo la mwisho lilimnyima raha siku tatu, lakini akapiga moyo konde akaenda kwa Kalamu.

"Kaka, sikuja kukimbia wala kuomba," alimwambia. "Nitakulipa elfu thelathini kila tarehe mbili. Ukitaka zaidi sina. Ukipiga kelele, bado sina."

Kalamu alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. "Mdeni kunifuata mwenyewe! Mimi nimezoea kubisha hodi, watoto wakaniambia mama amesafiri." Alifikiri kidogo. "Riba naisimamisha. Ila ukipitisha tarehe hata siku moja, naianzisha palepale."

Kilichobaki ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Jumapili iliyofuata Kipusa mwenyewe ndiye aliyeanza.

"Mama, mwezi huu basi halikuleta kitu."

"Halikuleta. Na mwezi ujao halitaleta." Akamweleza yote kama anavyomweleza mtu mzima: madeni, mikopo, vifurushi, chumba.

"Kumbe viatu ndivyo vilivyokuwa vinanichelewesha?"

"Ndiyo, mwanangu. Lakini kosa si lako, ni langu."

"Hata havikunienea," Kipusa alisema kwa sauti ndogo. "Niliogopa kukwambia. Viko chini ya kitanda vyote."

Wakacheka.

Miezi ya kwanza, kila Jumapili Kipusa aliuliza, "Yamebaki mangapi?" na mama yake akamsomea kutoka kwenye daftari. Mkopo wa simu wa kwanza ulipokwisha walipiga vigelegele wote wawili, huyu huku na yule kule. Baadaye mtoto akaacha kuuliza. Alikuwa na marafiki, na kwaya ya shule. Siku nyingine aliitwa kwenye simu akachelewa kuja. Mama Kipusa hakumlaumu. Alirudi kwenye daftari lake, akaandika mchele, akaandika mkaa, na mwezi wa kumi wa mpango wao akaanza kuweka akiba ya chumba.

Ilimchukua miezi kumi na sita. Simu zilikwisha, deni la Kalamu likakwisha naye akamkabidhi karatasi yake kwa mikono miwili, duka likakwisha. Chama tu kilibaki, nacho kilikatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Alipanga chumba chenye ukumbi mdogo, akamletea mtoto kitanda kilichotumika lakini imara.

Aliyeshuka kwenye basi alikuwa msichana wa karibu miaka kumi na miwili, mrefu, mwenye sauti mpya. Alimkumbatia mama yake kwa heshima. Nyumbani alikunja nguo zake vizuri, akaomba ruhusa ya kunywa maji, akashukuru kwa kila kitu. Mezani alikaa wima na kula kutoka sahani yake mwenyewe. Mama Kipusa alimtazama akitafuta wa zamani, akaona ni mgeni mzuri aliyelelewa vizuri na mtu mwingine.

Siku ya nne alirudi kutoka kazini akamkuta Kipusa ukingoni mwa kitanda, amejifunika uso.

"Namkumbuka mama mkubwa," alisema. "Usikasirike."

Mama Kipusa aliketi kando yake. Maneno yalimchoma, ila aliyajua moja baada ya jingine, kama mtu anavyoijua nyumba aliyoishi miaka mingi.

"Unakumbuka nini hasa?" aliuliza.

"Anavyoimba akipika. Anakosea maneno makusudi."

"Hajaacha? Tangu tukiwa wadogo anakosea makusudi."

Kipusa akashusha mikono. "Na mjomba je, yule kaka yenu mkali, alikuwa akimchapa kwa kukosea?"

"Alijaribu. Sogea nikusimulie."

Akasimulia mpaka chai ikapoa. Kabla ya kuinuka alimuuliza mtoto likizo inaanza lini, na nauli ya kwenda kwa mama mkubwa siku hizi ni kiasi gani, kwenda na kurudi.