Kitambi cha Kashindye

Kiwanda cha nguo pale Nyakato kilipopata mnunuzi, Kashindye alipunguzwa kazi pamoja na wenzake, akarudi nyumbani na kitambi chake, presha yake na mchana mzima usio na shughuli. Wala hakulia. Alikaa tu. Mganga wa zahanati akamwambia: mzee, kimbia kidogo kila asubuhi, la sivyo utatuangukia. Basi akakimbia! Alfajiri, na raba za mtumba, Nyakato hadi Igoma na kurudi, wauza maandazi wakimcheka: "Mzee, nani anakufukuza?"

Loh, mwili nao hauna siri! Kwanza miguu ilimuuma hata kuchuchumaa akashindwa. Halafu pumzi ikafunguka, kichwa kikaacha kugonga, usingizi ukaja wenyewe. Na jambo ambalo hakulitegemea: akaanza kusoma. Miaka yote ya kiwandani alikuwa akishika gazeti tu, anasinzia. Sasa akaazima vitabu parokiani, vya wapelelezi na vya safari, na akitoka mbioni, jasho halijakauka, anasoma kibarazani mpaka uji unapoa. Ilikuwa ndiyo saa pekee aliyohisi kitu.

Lakini alikonda. Na miaka ile, jamani, nani alikonda Mwanza akaachwa salama? Kwetu unene wa baba ni heshima ya nyumba; mwembamba ana njaa, au ana ule ugonjwa. Mtaa ukampima kwa macho, ukamzika. Hata vitabu wakavitafutia maana: "Anajiandaa huyo."

Siku moja akakuta mkewe, Suzana, amehamishia mto wake chumba cha watoto.

"Baba Kija, niambie ukweli tu. Sitakutangaza."

"Mama Kija, ni mbio."

"Mbio gani hizo zinazomla mtu mashavu?"

Akaenda kupima damu hospitali, akaambiwa hana kitu. Suzana akaitikia, "Tumshukuru Mungu," na mto akauacha kule kule. Ilimuuma sana; kisha ikaacha kumuuma, na hilo ndilo lililomtisha.

Akaacha kukimbia. Hakugombana na mtu. Akala ugali kwa samli, akala sangara wa kukaanga, akalala mchana. Kitambi kikarudi bila hodi. Majirani wakaanza kumpa mkono tena. Vitabu akivifungua, mistari inaelea, kisogo kinagonga. Akavirudisha parokiani, padri akamsifu kwa kunawiri.

Jumapili moja baada ya misa, Suzana alirudisha mto wake kitandani. Akakipapasa kitambi cha mumewe, akacheka kicheko ambacho Kashindye alikuwa hajakisikia tangu mwaka uliotangulia.

"Umepona, Baba Kija."

Masikio ya Kashindye yalikuwa yakivuma, jicho moja limeingia ukungu. Akasogea ukutani, akampa nafasi.

"Nimepona," akasema.