Bawabu wa Kidato cha Pili

Harufu ya githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, iliyoshika chini ya sufuria hadi leo hunirudisha Uthiru, kwenye darasa letu la kidato cha pili lililopakana na jiko la shule. Kila ilipofika saa nne asubuhi moshi ulipenya madirishani ukatukaa kwenye sweta, nasi tukaanza kuulizana saa. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Mimi nilikuwa monita, na kazi ya monita ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele kwenye karatasi na kuyapeleka kwa mwalimu wa zamu. Niliifanya kwa moyo wote, nikijiona mtu wa maana, na wenzangu walinichukia inavyostahili. Aliyenivumilia ni Achieng peke yake, tuliyekaa naye dawati moja.

Muhula wa pili akaja Madam Nafula, mzaliwa wa upande wa Bungoma, mwembamba lakini mwenye sauti nzito ya kuamsha darasa la baada ya chakula. Vitabu vya mtihani vilitusubiri kidato cha tatu, kwa hiyo aliamua kutusomesha tamthilia moja ya kale ya Wagiriki. Nakala ilikuwa moja tu, yake, hivyo aliandika ubaoni nasi tukanakili. Mfalme aliyeshindwa vitani amepiga marufuku kuwalilia wafu, maana kila kilio kinamkumbusha aibu yake. Siku moja kilio kinasikika uani. Mfalme anamwita bawabu amwambie ni nani aliyelia, na bawabu, kwa kuhofia shingo yake, anamtaja yaya aliyemnyonyesha mfalme huyohuyo. Mama wa watu anafukuzwa mjini. Sehemu ya bawabu nilipewa mimi. "Monita ataiweza," Madam alisema, na darasa likaangua kicheko. Niliumia, sitaficha. Waliobaki wote wakawa wazee wa mji, wanaosema kwa pamoja, na Madam akawafundisha kuomboleza kama wanavyoomboleza kwao Bungoma: mmoja anaanzisha, wengine wanadakia, miguu ikipiga sakafu. Mwanzoni walikuwa wakichekacheka. "Kwani nyinyi hamjawahi kufiwa?" aliwauliza. Achieng, aliyemzika baba yake mwaka uliotangulia, ndiye aliyeanzisha, na siku hiyo hakuna aliyecheka tena.

Basi ikaja wiki ya mahindi yenye wadudu. Tuliwatoa kwa vijiko Jumatatu, tukawatoa Jumanne, na kufikia Ijumaa tulikuwa tumechoka. Achieng aliinua sahani yake juu mbele ya bwalo zima, akaanzisha. "Uuuwi! Mahindi yetu! Nani amekuua?" Darasa letu likadakia, kisha madarasa mengine, miguu ikatingisha sakafu, na wapishi wakatoka jikoni kutazama. Hakuna sahani iliyorushwa wala dirisha lililovunjwa. Nililia kwa sauti kuliko wote, nikicheka hadi machozi yakanitoka. Lakini muhula huo shule za jirani zilikuwa zikigoma, nyingine zikichomwa, na mwalimu mkuu aliposikia kilio chetu alisikia mgomo. Alituita monita ofisini mmoja mmoja. Asiyetaja jina, alisema, atarudi Jumatatu na mzazi. Mama yangu alikuwa akifua na kupiga pasi kwenye nyumba ya watu Kileleshwa, na alikuwa ameonywa kwamba akiomba ruhusa tena asirudi.

"Monita, hiyo kilio ilianzia wapi?"

"Sijui, sir."

"Sawa. Ukuje na mama yako."

Nilisimama pale nikimwona Achieng akifukuzwa shule, nikamwona mama akifunga virago vyake. Kisha nikapata wazo nililoliona la busara sana. Mwalimu ni mtu mzima. Nani angemfanya nini mwalimu? "Ni Madam Nafula alitufundisha," nikasema. Mwalimu mkuu aliandika bila kuinua kichwa, akaniambia niende darasani. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilikuwa nimeunakili msemo huo daftarini kwa mwandiko mzuri. Jioni nilipomweleza mama, alishusha pumzi, akanipakulia chakula kingi. "Kwa mwoga huenda kicheko, mwanangu, kwa shujaa huenda kilio," alisema kwa kunisifu, na kweli tulicheka nyumbani jioni ile. Jumatatu Madam Nafula hakuja. Tuliambiwa amehamishwa, hatukuambiwa wapi. Daftari zetu ziliishia pale yaya anapotoka lango la mji. Achieng aliniuliza mara moja tu, "Ni wewe?" Nikamwambia hapana.

Leo mimi ni mwalimu, na shule yangu iko Kileleshwa, karibu na nyumba ile alimokuwa akifua mama. Kila mwanafunzi ana nakala yake, chakula cha mchana ni safi, na hapa hakuna monita wa kuandika majina; nilikataa. Tamthilia ile niliitafuta miaka mingi nikaipata. Huwagawia wanafunzi sehemu zote isipokuwa ya bawabu. Hiyo naisoma mwenyewe kila mwaka, nao hudhani napenda tu kuigiza. Juzi msichana mmoja wa mbele aliinua mkono.

"Lakini madam, si huyo bawabu angesema tu hajui?"

"Alisema hajui," nikamjibu. "Akaulizwa mara ya pili."

Aliinamia kitabu kuutafuta mstari huo. Haumo.