Wimbo wa Kurudi, Siku ya Kwenda

Mwezi uliopita nilipata nafasi katika kamio, lori lililochukua wanaume wa kijiji cha Wamaza kwenda kazi ya barabara ya Bulamatari, serikali ya Wabeleji, upande wa Kasongo. Kabla ya kumaliza kilima cha kwanza wakaanza kuimba: "Mama, weka maji ku moto, narudi."

Askari aliyewalinda akagonga ubao kwa kitako cha bunduki. "Munaimba kurudi, na hatuyafika! Munataka kutoroka?"

Mwanaume mwenye kofia ya kufuma akajibu bila kumtazama. "Hapana, baba. Huu ni wimbo wa kwenda."

"Na wa kurudi ni upi?" nikauliza mimi.

"Wa kurudi hauko."

Nikadhani anamkwepa askari tu.

Juzi nikapanda nao tena, kazi imekwisha, askari yule yule anawarudisha. Nikangoja wimbo. Walikaa kimya, shingo wamezinyoosha. Karibu na Wamaza, yule mwenye kofia akamwomba shofere azime gari.

"Tunasikiliza," akaniambia. "Kama iko matanga, wanamuke hawatwange. Kinu kikilia, watu wetu wako."

Wageni hupenda kuandika kwamba watu wetu huimba kwa sababu ya furaha. Ningetaka wasikie kimya kile.

Kisha kinu kikalia, tena kingine. Wanaume wakaruka chini, wakakimbia bila hata kuaga. Juu ya kamio akabaki askari, ambaye kwao ni mbali sana. Alitazama njia tupu, halafu nikamsikia akianza polepole: "Mama, weka maji ku moto..."