Samaki Waliomwamkia Baba

Baba yangu aliamini samaki wake wana adabu kuliko vijana wa siku hizi. Alichimba bwawa nyuma ya nyumba yetu Tindiga alipostaafu ualimu, akapandikiza perege, na kila alfajiri alikaa ukingoni na kikombe cha chai. "Mama," aliniambia kwenye simu, maana mimi bintiye hakuwahi kuniita vingine, "wanajipanga juu ya maji, midomo wazi, wananiamkia. Nami nawaitikia marahaba."

Nilicheka. Mimi ni mtaalamu wa samaki, nina cheti, nina hata kipima oksijeni cha ofisini, na nilicheka tu.

Nilimtembelea kila Jumamosi, natoka Kilosa kwa pikipiki baada ya kufua na kupika, nafika saa nane jua limewaka. Nazamisha kipimo, kinasoma nane, mara nyingine tisa, hewa ya kutosha kabisa. Maji yalikuwa ya kijani kama mlenda, kwa samadi aliyoletewa na wafugaji jirani akaimwaga humo. Nikamsifu. Kijani kile mchana, kwa jua, hutoa hewa tele. Usiku kijani hichohicho huivuta hewa hiyo, na ikifika alfajiri hakuna kilichobaki. Samaki aliyekosa hewa hupanda juu, akaachama. Hayo nilifundishwa darasani, nikayajibu kwenye mtihani, nikapata alama zote. Ila nikiambiwa samaki wanamwamkia baba yangu, nilisikia habari za baba, sikusikia habari za maji.

Na alikuwa na haja na samaki wale. Mapafu yake yalishaanza kukataa, na daktari alishatuambia hakuna dawa ya kuyarudisha. Shamba hakuliweza tena. Bwawa ndilo lililomtoa kitandani.

Kisha zikaja siku tatu za mawingu mazito. Akanipigia asubuhi mapema. "Njoo, mama. Leo wamepanda juu, hawashuki."

Nilikuta bwawa zima limejaa matumbo meupe. Kipimo kilisoma chini ya moja. Akauliza ni ugonjwa gani. Ningeweza kusingizia mawingu. Nilimwambia ukweli: kwamba miezi yote ile walikuwa wanatafuta pumzi, na mimi nilipaswa kujua.

"Kumbe wanakufa, nami nawaitikia," alisema.

Nilimwambia tutapunguza samadi, tutapandikiza upya, nitakuja kupima alfajiri. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu asiyekusikiliza. Bwawa likaota magugu, naye akarudi kitandani. Sijajisamehe, wala sitafuti sababu ya kujisamehe.

Masika yalipoanza nilihamia kwake. Muuguzi wa zahanati alituazima kile kibanio cha kidole kinachosoma oksijeni ya damu. Mchana kilisoma themanini na kitu, wakati mwenye afya hupita tisini na tano. Sikukiamini kipimo cha mchana. Niliamka alfajiri nikambana kidole: sabini na moja. Mtungi wa hewa alishaukataa, pamoja na safari ya hospitali. Alitaka kufia kwake. Kwa hiyo nilijua, na kujua hakukunisaidia kitu.

"Shikamoo, baba," nilisema, kwa kuwa ndivyo tulivyoanza siku zote.

Alinigeukia. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Marahaba haikuja. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, kibanio mkononi, na safari hii nilijua ninachokitazama.