Mchi Uliokataa Gundi

Mtu akiniambia tena kwamba kuunywesha mti gundi nyumbani ni kazi rahisi, nitamfukuza uani kwangu. Vifaa nilikuwa navyo: kompresa ya frigo iliyokufa, niliyoigeuza ivute hewa, sufuria nzito yenye kifuniko cha kioo, na gundi ya majimaji kutoka Kampala, ile isiyoganda mpaka ipate moto. Unazamisha mti, unavuta hewa, mapovu yanatoka, gundi inaingia mahali pake. Hata mti uliooza unakuwa mgumu kama pembe. Ndivyo wanavyosema.

Mti wenyewe ulikuwa mchi wa mama. Tulipokimbia Djugu aliubeba begani, kinu kikabaki kwa uzito wake. Hapa Bunia wadudu wakauingia, ukaanza kumwaga unga. Hatukuwa na kitu kingine cha nyumbani kwetu, nami nilitaka kuuokoa kabla haujaisha. Kwa kuwa sufuria ni fupi, nikamweleza mama kwamba nitaukata vipande vitatu, viwe mipini ya visu: wake, na ya dada zangu wawili.

"Fanya," akasema.

Nikafanya. Mara ya kwanza umeme ulikatika mapovu yakiwa bado yanatoka. Mara ya pili mpira wa kifuniko ukavuja hewa. Mara ya tatu vipande viwili vilishinda humo kutwa, pamoja na kipande cha mparachichi cha kujaribia. Nikavikausha taratibu juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Mparachichi ukatoka jiwe. Vya mama vikatoka vinanata, na nilipovibonyeza vikamomonyoka mkononi. Niliitukana kompresa, nikamtukana muuza gundi, nikalitukana hata jua.

Mama alikuwa kando, anachambua sombe, majani ya muhogo ambayo siku hizi hatuyatwangi, tunayapeleka mashineni.

"Labda ni mawese," akasema.

"Mawese gani?"

"Miye niko napakaka mawese kila siku ya posho. Muchi yenye haitwangi, usipopaka mafuta, inapasuka. Na kinu iko inangojea kule."

Kila Jumamosi, miaka yote hiyo! Na mimi ule wekundu niliudhani rangi ya mti. Mti ulioshiba mafuta, gundi ingepita wapi? Hasira zikanipanda.

"Mama, sasa juu ya nini uliniacha niukate?"

"Ulikuwa na furaha," akasema. "Tangu tufike hapa sikukuonaka vile."

Kipande cha tatu kilikuwa bado mezani. Akakifuta vumbi kwa kitenge chake, akaniomba chupa ya mawese. Nikamletea.